Paul Robeson: Mwigizaji Aliyejifunza Kiswahili na Kunyang'anywa Pasi na Nchi Yake

Mwaka 1934, katika studio za filamu nje kidogo ya jiji la London, kilijengwa kijiji cha kuigiza chenye vibanda vya nyasi, na watu Weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wakiwemo mabaharia na wafanyakazi wa bandarini, wakaajiriwa kucheza nafasi za wanakijiji. Miongoni mwao alikuwamo Mkenya aliyekuwa akitafuta riziki ughaibuni huku akidai haki ya ardhi ya watu wake. Jina lake lilikuwa Jomo Kenyatta, na katika filamu hiyo alipewa nafasi ndogo ya chifu. Mbele ya kamera, katika nafasi ya kiongozi aitwaye Bosambo, alisimama mwanamume mrefu, mwenye mabega mapana na sauti nzito ya besi ambayo tayari ilikuwa ikijulikana Marekani na Ulaya. Huyo alikuwa Paul Robeson.

Robeson aliikubali kazi ile akiamini kuwa ingeiheshimu Afrika. Filamu hiyo, Sanders of the River, ilipotolewa mwaka 1935, alikuta imegeuzwa kuwa sifa kwa utawala wa kikoloni. Sura ilikuwa yake na sauti ilikuwa yake, lakini maana ilikuwa ya watu wengine. Tangu hapo, sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa jitihada ya kuhakikisha kuwa kipaji chake hakitumiki tena kinyume cha imani yake, na jitihada hiyo ilimgharimu karibu kila alichokuwa nacho.

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898 katika mji wa Princeton, Jimbo la New Jersey, nchini Marekani, akiwa kitinda mimba katika familia ya mchungaji. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani katika Jimbo la North Carolina, akatoroka akiwa na umri wa miaka 15, akasoma na hatimaye kuwa mchungaji wa kanisa la waumini Weusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliondolewa katika mimbari hiyo, na mtu aliyezoea kuhubiri akalazimika kuzoa majivu ya majumbani na kuendesha gari la farasi ili kuilisha familia. Mwaka 1904 mama yake, Maria Louisa, alifariki dunia baada ya moto wa jiko kushika nguo zake. Paul hakuwa ametimiza hata miaka sita.

Mtoto huyo alilelewa na baba asiyelalamika mbele ya wanawe, lakini asiyekubali kazi iliyofanywa nusunusu. Mwaka 1915 Paul alishinda ufadhili wa masomo katika Chuo cha Rutgers, akawa mwanafunzi wa tatu Mweusi kupokelewa katika historia ya chuo hicho na wa pekee kwa wakati huo. Alipojitokeza kujiunga na timu ya kandanda ya Kimarekani, wachezaji wenzake walimshambulia katika mazoezi hadi kumvunja pua. Alirudi uwanjani. Mwaka 1916 aliachwa nje ya mchezo mmoja kwa sababu timu pinzani ilikataa kucheza na mtu Mweusi. Hata hivyo, mwaka 1917 na 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na alipohitimu mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wahitimu wenzake. Baba yake hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kutoka Rutgers alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York kusomea sheria, akijilipia sehemu ya gharama kwa kucheza kandanda ya kulipwa mwishoni mwa wiki. Mwaka 1921 alimuoa Eslanda Cardozo Goode, mwanamke msomi aliyekuwa na jicho pevu la kutambua vipaji, ambaye baadaye alisimamia kazi zake za sanaa. Alihitimu sheria mwaka 1923 na kuajiriwa katika ofisi ya mawakili, lakini hakudumu. Karani Mzungu alikataa kuandika barua aliyokuwa akiitamka mtu Mweusi. Robeson alichukua kofia yake, akaondoka na hakurudi tena katika taaluma hiyo.

Jukwaa la maigizo likampokea. Mwaka 1924 alicheza nafasi kuu katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill jijini New York. Mwaka uliofuata, akiwa na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya onyesho lililojaa nyimbo za kiroho na nyimbo za kazi za Wamarekani Weusi peke yake. Nyimbo zilizozaliwa mashambani mwa watumwa, na ambazo watu wengi wa mjini walianza kuzionea haya, ziliimbwa ukumbini kwa heshima ileile iliyotolewa kwa nyimbo za watunzi wakubwa wa Ulaya.

Mwaka huohuo wa 1925 aliingia katika filamu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Body and Soul, filamu isiyo na sauti iliyoongozwa na Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi aliyetengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Weusi. Robeson alicheza watu wawili kwa mpigo, yaani mhubiri laghai na ndugu yake mwema. Miaka minane baadaye, mwaka 1933, alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya The Emperor Jones. Humo ndimo alimoonja jinsi mikono isiyoonekana inavyoingia katika picha. Mwigizaji Fredi Washington, mwanamke Mweusi mwenye ngozi nyeupe sana, alipakwa rangi ya kumtia weusi kwa sababu wakaguzi wa filamu walihofu watazamaji wangedhani Robeson amemkumbatia Mzungu.

Wakati huo Robeson na familia yake walikuwa wamekwisha kuhamia London. Mwaka 1928 aliwavutia Waingereza katika mchezo wa Show Boat, na mwaka 1930 alicheza Othello wa Shakespeare akiwa na Peggy Ashcroft. Alipata marafiki katika nyumba za wakubwa, ingawa hoteli moja ya jiji hilo ilikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Lakini jambo lililombadilisha zaidi ni watu aliokutana nao mbali na jukwaa. London ilikuwa mji mkuu wa himaya, na kwa sababu hiyo ilikuwa pia mahali walipokutana vijana wa makoloni. Alizungumza na wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, akafahamiana na Kenyatta, na akajenga urafiki na Jawaharlal Nehru wa India. Kwa Mmarekani aliyekuzwa akiambiwa kuwa Afrika haina utamaduni wa kujivunia, mazungumzo hayo yalikuwa darasa jipya.

Robeson aliamua kusoma. Alijiandikisha katika Chuo cha Masomo ya Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, ambako alijifunza fonetiki na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hakusoma kama mtalii anayekusanya maneno ya salamu. Alitaka kuona jinsi lugha hizo zinavyojenga maana kwa sauti na mpangilio wake, na akashawishika kuwa nyimbo za kiroho alizorithi kutoka kwa baba yake zina undugu na muziki wa bara hilo. Aliandika makala kadhaa akiwahimiza watu Weusi wa Marekani kuitazama Afrika kama chimbuko lao.

Ni katika hali hiyo ya moyo ndipo ilipomfikia kazi ya Sanders of the River. Watayarishaji wake, ndugu Alexander na Zoltan Korda, walikuwa wametuma wapigapicha Afrika, na walirudi na picha za ngoma na nyimbo halisi. Robeson aliposikia muziki ule alivutiwa mno, akaona nafasi ya kuuonyesha ulimwengu utamaduni aliokuwa akiusoma darasani. Mkataba wake, hata hivyo, haukumpa mamlaka juu ya filamu iliyokamilika. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu cha filamu ni mkasi wa mhariri. Zilipounganishwa picha, afisa wa Kiingereza alionekana kuwa baba mwema wa Waafrika, na Bosambo akawa mtumishi wake mtiifu. Filamu ilipata watazamaji wengi, lakini wapigania uhuru wa Afrika walimlaumu Robeson waziwazi. Naye hakujitetea kwa muda mrefu. Aliikana kazi hiyo hadharani, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Somo hilo alilifanyia kazi mara moja. Katika Song of Freedom ya mwaka 1936, inayomhusu kuli wa bandari ya London anayekuwa mwimbaji mashuhuri na kisha kwenda Afrika kutafuta asili yake, alidai haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa, na akapewa. Mwaka huohuo alitokea katika Show Boat ya Hollywood, na mwaka 1937 alikwenda Misri kupiga picha za filamu ya Jericho. Naye Eslanda, aliyekuwa akisomea elimu ya jamii na tamaduni za watu, alifunga safari mwaka 1936 pamoja na mtoto wao Paul mdogo hadi Afrika Kusini na Uganda. Kumbukumbu za safari hiyo alizichapisha mwaka 1945 katika kitabu African Journey, akiwaeleza wasomaji wa Marekani kuhusu Waafrika aliokaa nao, akasikiliza hoja zao na kuona kazi zao.

Vita vya Hispania vilimsukuma Robeson hatua nyingine. Mwezi Juni 1937, katika mkutano wa hadhara jijini London wa kuwachangia watoto wakimbizi wa Hispania, alitangaza kuwa msanii hana budi kuchagua upande kati ya uhuru na utumwa, na kwamba yeye amekwisha kuchagua. Mapema mwaka 1938 alikwenda Hispania kwenyewe na kuwaimbia wapiganaji waliokuwa wakiutetea utawala wa jamhuri. Katika miaka hiyo pia alianza kuyabadili maneno ya wimbo wa Ol' Man River uliompatia umaarufu, ili mtu Mweusi anayesimuliwa humo asiwe tena aliyechoka na kukata tamaa, bali anayeendelea kupambana.

Filamu aliyoipenda zaidi ilitoka mwaka 1940. Katika The Proud Valley alicheza baharia Mweusi anayepata kazi katika machimbo ya makaa ya mawe ya Wales, anayeshirikishwa na wachimbaji katika kwaya yao na hatimaye anajitoa mhanga chini ya ardhi ili kuwaokoa wenzake. Urafiki wake na wachimbaji wa Wales haukuwa wa kuigiza. Ulianza alipokutana nao London mwishoni mwa miaka ya 1920, wakiandamana kwa ajili ya njaa na ukosefu wa kazi, na uliendelea hadi uzee wake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alirejea Marekani. Mwaka 1942 alishiriki katika Tales of Manhattan, akitarajia kuwa sehemu inayohusu wakulima maskini Weusi ingeeleza hali yao kwa ukweli. Alipoona wameonyeshwa kama watu wa kuchekwa, aliilaani filamu hiyo na kutangaza kuwa yuko tayari kusimama pamoja na wanaoipinga. Hakuigiza tena katika filamu za Hollywood. Alikuwa na umri wa miaka 44, katika kilele cha umaarufu wake, na aliufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Jukwaani, heshima yake iliendelea kupanda. Tarehe 19 Oktoba, 1943 alifungua Othello katika ukumbi wa Broadway jijini New York, akiwa mtu Mweusi wa kwanza wa karne hiyo kuicheza nafasi hiyo hapo akiwa na waigizaji Wazungu. Mchezo huo ulionyeshwa mara 296, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa na tamthilia nyingine ya Shakespeare katika Broadway. Wakati huohuo aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, taasisi iliyokuwa na makao yake New York, ambayo ilikusanya misaada kwa ajili ya waathirika wa njaa Afrika Kusini, ilipinga ubaguzi wa rangi katika nchi hiyo na kudai uhuru wa makoloni. Kenyatta alipokamatwa mwaka 1952 na Kenya kuwekwa chini ya hali ya hatari, baraza hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache nchini Marekani zilizopinga hatua hizo.

Kufikia wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Vita Baridi vilikuwa vimeanza, na Robeson, aliyeitembelea Urusi ya Kisovieti kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na kueleza kuwa huko alihisi utu wake ukitambuliwa, hakuficha mapenzi yake kwa nchi hiyo. Mwezi Aprili 1949 alizungumza katika mkutano wa amani jijini Paris, na magazeti ya Marekani yakachapisha maneno yaliyomfanya aonekane msaliti wa taifa lake. Miezi michache baadaye, maonyesho aliyotarajiwa kufanya karibu na mji wa Peekskill, New York, yalivamiwa. La kwanza halikufanyika, na baada ya la pili watu waliokuwa wakirudi nyumbani walipigwa mawe.

Mwaka 1950 serikali ilifuta pasi yake ya kusafiria. Alitakiwa kutia saini kiapo kwamba si mkomunisti, akakataa kwa hoja kuwa imani ya kisiasa ya raia si sharti la kupewa hati ya safari. Katika hoja walizowasilisha mahakamani, wanasheria wa serikali walitaja, pamoja na mambo mengine, kuwa kwa miaka mingi alikuwa akijishughulisha kisiasa na kudai uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Ndani ya nchi, kumbi zilifungwa mbele yake, maduka yakaacha kuuza rekodi zake, na jina lake likaondolewa hata katika baadhi ya orodha za wachezaji bora wa enzi zake. Kipato chake kilianguka. Mwanamume aliyekuwa miongoni mwa wasanii Weusi waliolipwa vizuri zaidi duniani akawa anaimba katika makanisa ya Weusi na kumbi za vyama vya wafanyakazi.

Wafanyakazi ndio waliotafuta njia. Mwezi Mei 1952, alipozuiwa kuingia Kanada, alipanda juu ya lori lililoegeshwa mpakani katika Jimbo la Washington na kuwaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka 1957 sauti yake ilipitishwa katika waya wa simu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki. Mwezi Mei aliimba akiwa New York na kusikika katika ukumbi uliojaa watu London. Mwezi Oktoba wachimbaji wa Wales walikusanyika katika mji wa Porthcawl wakamsikiliza kwa njia hiyohiyo, kisha wao na kwaya zao wakamwimbia yeye. Mwili ulikuwa umezuiliwa, lakini sauti ilivuka bahari bila ya pasi.

Yapo yanayohojiwa katika maisha yake, na haki inataka yatajwe. Mwaka 1949 alipokuwa Moscow alikutana na rafiki yake, mshairi wa Kiyahudi Itzik Feffer, aliyekuwa amekamatwa. Katika onyesho lake aliimba wimbo wa Wayahudi waliopigana dhidi ya Wanazi mjini Warsaw, ishara iliyoeleweka kwa waliohudhuria. Hata hivyo, aliporudi Marekani hakuukosoa hadharani utawala wa Stalin, hakufanya hivyo Feffer alipouawa mwaka 1952, na alipokea tuzo ya amani yenye jina la Stalin. Wanaomtetea husema hakutaka kuwapa silaha wale waliokuwa wakiwakandamiza watu wake nyumbani. Wanaomlaumu husema aliyetetea wanyonge wa kila nchi hakupaswa kuwanyamazia wanyonge wa nchi moja.

Mwezi Juni 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la wengine waliokumbwa na zuio kama lake, iliamua kuwa serikali haina mamlaka ya kumnyima raia pasi kwa sababu ya imani zake. Robeson alipata hati yake baada ya miaka minane. Alikuwa na umri wa miaka 60. Alirudi Uingereza, akaicheza tena Othello mwaka 1959 huko Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare. Mwezi Novemba 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney, Australia, wakiwa juu ya majukwaa yao ya ujenzi. Eslanda, kwa upande wake, alikwenda Accra mwezi Desemba 1958 kuhudhuria Mkutano wa Watu wa Afrika Yote, walipokutana viongozi wa harakati za uhuru kutoka pembe zote za bara.

Lakini miaka ya dhiki ilikuwa imemla ndani kwa ndani. Mwaka 1961, akiwa Moscow, afya yake ilivunjika, na kwa muda mrefu alikuwa mikononi mwa madaktari katika nchi mbalimbali. Alirejea Marekani mwezi Desemba 1963. Ulikuwa mwezi uleule ambao Kenya ilipata uhuru ikiwa chini ya Kenyatta, yule chifu wa nafasi ndogo katika kijiji cha vibanda vya kuigiza. Mmoja alikuwa akianza kuongoza taifa, na mwingine alikuwa akirudi nyumbani kimyakimya, bila nguvu ya kuimba.

Eslanda alifariki mwaka 1965. Robeson aliishi miaka yake ya mwisho mjini Philadelphia chini ya uangalizi wa dada yake, Marian, na hakuonekana hadharani isipokuwa kwa nadra. Alifariki tarehe 23 Januari, 1976 akiwa na umri wa miaka 77. Aliagwa siku nne baadaye katika kanisa la Harlem ambalo kaka yake Benjamin alikuwa mchungaji wake, na maelfu ya watu walifika, wengi wao wakisimama nje kwenye mvua. Mwaka 1995 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa wachezaji wa kandanda wa vyuo, na mwaka 2004 serikali ya nchi yake ilitoa stempu ya posta yenye sura yake.

Sanders of the River bado inapatikana, ikiwa vilevile kama wahariri walivyoiacha. Juu ya kaburi lake katika Jimbo la New York yameandikwa maneno ya ile hotuba ya mwaka 1937, kuhusu msanii na upande anaopaswa kuuchagua. Hayo hayakupitia kwa mhariri yeyote.